Kwa mnaoanza bao ukubwani

Wiki nzima nimekaa kibarazani nyuma ya wageni wa mchezo huu, nikajizuia kusema. Watu wazima, wenye kazi na akili zao timamu, wanasafirisha nyumba, yaani wanazoa kete zote za lile shimo kuu la mstari wa mbele na kuzigawa, wakati ghala, zile kete ambazo hazijaingia baoni, bado limejaa! Leo nasema, kwa kuwa nawapenda.

1. Jua kete ya mwisho itatua wapi kabla hujagusa shimo. Mliotoka kwenye chesi mnisikilize zaidi: kule zamu moja husogeza kete moja, huku zamu moja huweza kugeuza nusu ya bao.

2. Nyumba. Hapa mnaniumiza, maana kidonda hiki nakijua. Nilianza bao nikiwa tayari na watoto wa shule. Siku moja nilicheza na mzee ambaye hadi leo shikamoo yake naitoa kwa moyo wote. Nyumba yangu ilikuwa imeshiba. Nikala, yaani nikazoa kete za shimo la mzee lililokabiliana na langu, nikazigawa moja moja, kete ya mwisho ikatua nyumbani, na upande wa mzee shimo linaloikabili nyumba hiyo lilikuwa tupu. Hiari ikawa yangu, kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri na kete zote za nyumba. Niliona kwamba nikisafiri nitakula tena, na watazamaji walikuwa wameshainua shingo. Nikasafiri. Nilikula kweli. Kisha kete ya mwisho ikalala kwenye shimo tupu, na mali yangu yote ikawa imetawanyika mstari wa mbele, mbili hapa, tatu pale, zikimtazama mzee. Yeye hakusema neno. Alinamua kete moja, yaani aliitoa ghalani akaiingiza baoni, akala, akazunguka, akala tena, mpaka mstari wangu wa mbele ukawa mtupu na bado nina kete za kunamua. Hamna, yaani nimefungwa, tena ya mkononi, kete zangu hazijaisha! Nilikuwa nimehesabu kila nitakachokula mimi, ila atakachokula yeye sikukitazama hata kidogo. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nikiirudia ile zamu, na kila nilipoirudia nililala nyumbani badala ya kusafiri, na bao likaendelea vizuri kabisa.

Basi kabla ya kusafiri, tazama utamwachia mwenzako mtaji gani, yaani nafasi gani ya kula. Wala msiing'ang'anie nyumba mpaka iliwe: kama unaona zamu ijayo italiwa na huna la kuizuia, safiri.

3. Ukila kwenye kichwa, shimo la mwisho la mstari wa mbele, au kimbi, shimo linalokifuata, unaanza kugawa kwenye kichwa cha upande huohuo. Ukianza zamu kwa kula katikati, chagua upande kwa makusudi. Kuna dada yetu hapa huanzia kulia kila mara, na wapinzani wameshamjua, wanampangia mtego kabla hajaketi. Dada, una vichwa viwili, tumia vyote!

4. Namu, yaani kete za kunamua, zikiisha, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanza kula. Msirundike nyuma mkidhani ni akiba.

5. Chezeni na wanaowafunga. Kaka wawili wamefungana wao kwa wao tangu Ramadhani, na makosa yao sasa yanafanana kama mapacha.

6. Anayeleta bao lake Jumamosi ahesabu komwe, yaani kete, kwao: 64, yaani kila mmoja 10 baoni na 22 za kunamua. Mara iliyopita tuliligundua pengo katikati ya mchezo, tukaanza upya, na aliyekuwa akishinda hajanisamehe.