Ramani ya Philadelphia ya 1683: ule mji ulikuwepo?

Ndugu, umeuliza kama mitaa yote ile kwenye ramani ilikuwa imeshajengwa. Hapana, hiyo ni ramani ya mji uliokusudiwa. Thomas Holme, mpima ardhi mkuu wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania huko Marekani, alichora mitaa iliyonyooka kutoka mto Delaware hadi mto Schuylkill, kama maili 2, ikachapishwa London ili kuwavutia wanunuzi wa viwanja. Nyumba zilikuwa chache, upande wa Delaware. Kwingine msitu mtupu, kwenye ardhi ya Walenape, wenyeji wa asili wa pale.

Ikuze picha uangalie vizuri: viwanja vimepewa namba, na ndani ya zile bustani nne za umma, eka 8 kila moja, kuna miti midogo midogo imechorwa. Mimi hapo ndipo ninapoipenda. Penn alitaka mji wa kijani, nyumba zisibanane, moto usije ukaula. Wenye viwanja wakavikatakata hata hivyo, wakapenyeza vichochoro. Kimojawapo, Elfreth's Alley, kipo hadi leo. Bustani nazo zipo, ila ya Logan imezungukwa na magari, na uwanja wa katikati, eka 10, umekaliwa na jumba la jiji.