Fundi wa ndege, zamu ya usiku na vinywaji vya kuongeza nguvu

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa ndege, mwaka wa pili kazini. Zamu ya usiku tuko wachache na ndege lazima ziwe tayari kabla ya alfajiri. Ikifika saa tisa usingizi unanizidi nguvu. Wenzangu wengine hutafuna miraa, mimi hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Wakongwe wanasema mwili utazoea. Nitumie nini kisicho na madhara? (Fundi, Nairobi)

JIBU: Marahaba. Hakuna, mwanangu. Kila anayeniuliza hili anataka jina la kinywaji. Kafeini inakufumbua macho, lakini hailipi deni la usingizi. Tena saa tano baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini, kwa hiyo kopo la saa kumi usiku litakusumbua saa tatu asubuhi ukitafuta usingizi, na jioni utarudi kazini umechoka kuliko jana. Miraa siijadili. Aliyetafuna asiguse ndege.

Kinachonikera zaidi ni hilo la "mwili utazoea". Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri umakini hushuka, na kwa wengi hali hiyo haibadiliki hata baada ya miaka mingi ya zamu. Unachozoea ni ule uchovu wenyewe, mpaka huuhisi tena. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya majaribio ya umakini vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: siku ya kwanza ya zamu, ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano usiku umeshafika hapo. Mlevi angalau ananuka, mlinzi atamrudisha getini.

Na usidhani haya ni ya vijana wasiojua kazi. Juni 1990, huko Birmingham, Uingereza, meneja wa zamu mwenye uzoefu mkubwa alibadilisha kioo cha mbele cha ndege ya BAC One-Eleven ya British Airways, usiku wa manane, zamu ikiwa na upungufu wa watu. Karani wa stoo alimtajia bolti sahihi. Yeye akachagua nyingine kwa kulinganisha kwa jicho na ile aliyoifungua. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kwa takriban milimita 0.66. Ndege ilipopanda hadi futi 17,300 kioo kiling'oka na rubani akavutwa nje nusu mwili. Wahudumu wakamshikilia miguu hadi ndege ilipotua Southampton. Alipona. Kitabu cha matengenezo kingeweza kumwambia namba ya bolti kwa dakika chache. Ila kioo hakikuwa kwenye orodha ya kazi zinazohitaji mtu wa pili kukagua, na mtu aliyechoka hupenda sana kuamini macho yake.

Kwako wewe: lala dakika ishirini kabla ya zamu, kisha kazi nzito zote zianze mapema. Za saa tisa ziwe kusafisha, kuandaa vifaa, kujaza karatasi. Mtu wa pili akague kwa tochi na mkono, siyo kwa kalamu. Hapo ndipo hanga (karakana za ndege) nyingi zinapoharibika: sahihi mbili, macho ya mtu mmoja, kwa sababu ndege "inaondoka sasa hivi". Msimamizi anayesema hivyo hasaini yeye.

Zamu ikiisha kazi haijaisha, iandike ilipofikia. Septemba 1991, Texas, skrubu 47 zilifunguliwa juu ya ukingo wa mbele wa bawa la mkiani, upande wa kushoto, kwenye ndege ya Continental Express. Zamu ikabadilishana bila maandishi, hakuna aliyezirudisha, ndege ikaanguka, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Kwa hiyo ukishikwa na haraka, andika kwenye kadi ya kazi ulichofungua, skrubu kwa skrubu, hata kama ndege inasubiriwa na abiria wamepanga foleni.