Folda ikikukataa, itazame tiketi yako kwanza

Kijana wa mafunzo kwa vitendo aliniita mezani kwake alasiri moja, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, njoo uone kitu, lakini usikasirike." Kwenye kompyuta mpakato yake mwenyewe, ambayo hatukuwahi kuisajili popote, alikuwa amefungua folda ya mishahara ya ofisi nzima. Hakuiba nenosiri la mtu. Alitengeneza mtumiaji mpya kwenye Linux yake, akampa namba 1004, ileile ya mama mhasibu, kisha akaunganisha folda kutoka kwenye seva. Seva ikampokea kama mama mhasibu.

Ofisi hiyo iko hapa Dodoma, na seva ile niliisimika mimi. Folda tulizigawa kwa NFS, mfumo wa kugawana mafaili kupitia mtandao, kwa njia yake ya kawaida, inayoandikwa sec=sys. Kwa njia hiyo seva haikuulizi wewe ni nani. Inapokea namba ya mtumiaji inayotumwa na kompyuta yako na kuiamini, na mwenye mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu, kwenye mashine yake anaweza kutuma namba yoyote anayotaka. Nilikuwa nimeruhusu mtandao wote wa ndani kuunganisha folda zile, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa kila aliyechomeka waya. Nilimshukuru kijana yule kwa moyo wote. Wiki hiyohiyo nikaanza kuhamia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha mtumiaji ni nani, na tangu hapo nimekutana na vijana wengi wanaosimamia seva za ofisi ndogo hapa mjini na hawajui kwamba wanaishi na mlango uleule. Ninawaandikia hao.

Kerberos ilizaliwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, katika mradi ulioitwa Athena miaka ya 1980. Namna inavyofanya kazi haina tofauti kubwa na kadi ya harusi. Ukishatoa mchango, kamati inakupa kadi. Mlangoni hakuna anayekuuliza ulichanga lini wala ulituma kwa namba gani. Wanaitazama kadi tu. Kwenye teminali unaandika kinit, unaulizwa nenosiri mara moja, na seva ya Kerberos inakupa tiketi kuu. Ukifungua folda, kompyuta yako inatumia tiketi kuu hiyo kuombea tiketi ya seva ya mafaili. Nenosiri lako halisafiri kwenye waya. Folda zenyewe unaziunganisha kwa sec=krb5. Ukitaka data isichezewe njiani kuna krb5i, na ukitaka pia isisomeke na mtu wa katikati kuna krb5p. Mishahara niliiweka kwenye krb5p bila kusita, ingawa inaongeza kazi kwa mashine.

Amri ninayowasihi muizoee kuliko zote ni klist. Inakuonyesha una tiketi gani na zinakwisha lini. Mtu akinipigia kusema "seva imekufa", namwomba aandike klist kabla sijanyanyuka kwenye kiti, na mara nyingi tiketi imekwisha muda. Kwetu tuliipa tiketi saa 10 za uhai. Aliyeandika kinit saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi na mbili jioni folda inamkataa. Hapa kuna jambo linalowasumbua wageni: klist huandika muda kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 18:00 ni saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Binti mmoja wa masjala alisoma 16:00, ambayo ni saa kumi jioni, akaelewa saa kumi usiku, akashangaa kufungiwa mchana kweupe. Wafundishe watu wako kusoma muda huo siku ya kwanza kabisa.

Tatizo lililonitoa jasho zaidi lilikuwa la saa. Usiku mmoja umeme ulikatika, na kifaa cha akiba kikaishiwa chaji. Asubuhi nilitoka Nkuhungu kwa bodaboda, upepo na vumbi usoni, maana simu zilikuwa zimeanza mapema. Kila mfanyakazi alikuwa ameandika kinit na ikakubali. Ukiandika klist, tiketi ilikuwepo na muda wake mzuri. Folda ikawakataa wote. Nikapoteza zaidi ya saa nzima nikikagua ruhusa za mafaili, na huduma ya rpc.gssd kwenye kompyuta za wafanyakazi, ambayo bila hiyo NFS haiwezi kutumia tiketi. Kila kitu kilikuwa sawa. Mwishowe niliandika date kwenye seva ya mafaili. Ilikuwa nyuma kwa saa tano na dakika kadhaa, karibu sawa na muda ambao umeme haukuwepo.

Kerberos kwa kawaida huvumilia saa kupishana kwa dakika 5 tu. Imewekwa hivyo ili mtu aliyenasa ujumbe wa jana asiweze kuutumia leo. Seva ya Kerberos ilikuwa na saa sahihi, ndiyo maana kinit ilikubali. Seva ya mafaili ndiyo iliyoziona tiketi zote kama kadi za harusi ya kesho. Betri ndogo ya duara ndani yake, ile ya CR2032 inayoendesha saa mashine ikikosa umeme, ilikuwa imekufa. Intaneti nayo haikuwepo asubuhi hiyo, kwa hiyo mashine haikuwa na pa kuulizia saa.

Nilibadilisha betri, lakini dawa yenyewe ilikuwa kuifanya mashine ya Kerberos iwe chanzo cha saa kwa ofisi nzima kwa kutumia chrony, programu ya kulinganisha saa, ili hata intaneti ikikatika mashine zote zikubaliane zenyewe kwa zenyewe. Kwa mji ambao umeme na intaneti vinaweza kuondoka pamoja, ningeanza na hilo kabla ya kusimika kitu kingine chochote.

Bakapu ya usiku nayo ilikufa kimyakimya kwa sababu ya tiketi. Inaanza saa nane usiku, na saa hiyo hakuna mtu wa kuandika kinit. Mtaalamu aliyenitangulia kwenye ofisi nyingine alitatua jambo kama hilo kwa kuandika nenosiri ndani ya skripti, echo kisha kinit. Tafadhali usifanye hivyo. Skripti hunakiliwa, hutumwa kwa barua pepe, husahaulika kwenye flashi. Itengenezee bakapu akaunti yake, iwekee ufunguo kwenye faili la keytab, na skripti iite kinit -k -t pamoja na njia ya faili hilo na jina la akaunti. Faili hilo lipe ruhusa 600, yaani mwenyewe tu ndiye alisome, kwa sababu anayelisoma ana uwezo sawa na mwenye nenosiri.

Onyo hilo linawahusu pia wanaotumia AFS, mfumo mwingine wa kugawana mafaili uliotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Amri yake ya zamani, klog, ina chaguo la -password linalokuruhusu kuandika nenosiri palepale kwenye amri. Nenosiri hilo linabaki kwenye historia ya teminali, na linaweza kuonekana kwa yeyote anayeandika ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, wakati amri yako inaendelea. Andika kinit, halafu aklog ikuchukulie tokeni, yaani kibali cha AFS, na ukimaliza andika unlog kuifuta.

Kwa wanaoshirikiana kompyuta moja, kdestroy hufuta tiketi yako, na ni lazima uiandike kabla hujaondoka. Ila kwenye NFS nimeona folda ikiendelea kufunguka kwa muda baada ya kdestroy, kwa kuwa kiini cha Linux bado kinashikilia kikao kilichokwishafunguliwa. Pia tiketi mara nyingi hukaa kama faili ndani ya /tmp, na mwenye root wa mashine hiyo anaweza kulisoma. Ndiyo maana mama mhasibu nilimpa kompyuta yake peke yake, na root yake haijulikani na mtu mwingine zaidi yangu na mkuu wa kitengo.