Mfalme katengwa au katenguliwa? Na hiyo "ulipelekea" itoke

Msomaji anayefundisha historia ya Kanisa kaniletea sentensi aliyowaandikia wanafunzi wake: "Mgogoro kati ya Papa Gregori VII na Kaizari Henry IV ulipelekea mfalme kutenguliwa na Kanisa." Anauliza, ni kutenguliwa au kutengwa?

Ni kutengwa. Tenga ni kuweka kando, mtu anatengwa na ushirika wa waamini, na ndivyo Papa alivyomfanyia Henry, mfalme wa Ujerumani, kwenye sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Kwaresima kule Roma, Februari 1076. Tengua ni jingine, hiyo -ua mara nyingi inarudisha tendo nyuma kama funga na fungua, ziba na zibua, ndo maana tunasema kutengua udhu, kutengua uteuzi. Na kwenye sinodi ileile kuna kitu kilitenguliwa kweli, nacho ni viapo, maana Gregori aliwaambia raia wa Henry kwamba kiapo chao cha utii kwa mfalme hakiwafungi tena. Kwa hiyo mfalme katengwa, viapo vikatenguliwa.

Hapo sina ugomvi na mwalimu, maneno hayo yanafanana. Kinachonichoma ni hiyo "ulipelekea". Mgogoro ulimpelekea nani, ukampelekea nini? Pelekea inataka mwenye kupeleka, mwenye kupelekewa na kitu chenyewe kinachopelekwa. Unampelekea mgonjwa uji, unampelekea mwenyekiti wa mtaa barua. Tena mwalimu anayo pelekea halali kabisa kwenye somo lake mwenyewe! Januari 1076 Henry alikutana na maaskofu wake kwenye mji wa Worms, Ujerumani, wakamwandikia Papa barua, ya mfalme haimwiti hata Papa, inamwita Hildebrand, jina lake la kabla ya upapa, na inamwambia ashuke kitini. Barua hizo wakampelekea Roma zikasomwa mbele ya sinodi. Hiyo ndo kupelekea, ina mpelekaji, ina barua, ina mpokeaji aliyewaka hasira.

Hii "ulipelekea" ya mwalimu imetoka kwenye Kiingereza, "led to", mtu katafsiri neno kwa neno akaona imetulia, na ubaya wake ni kwamba inaficha watu. Ukisoma "mgogoro ulipelekea" hujui nani kafanya nini, hujui kwamba waligombania nani amkabidhi askofu pete na fimbo yake, hujui kwamba mwaka 1075 Henry alimweka mtu wake awe askofu mkuu wa Milano na Papa akaja juu. Na Kiswahili hakijawahi kupungukiwa kwenye kusema jambo limezaa jingine, tuna sababisha, tuna leta, tuna fanya, tuna ikabidi, na juu ya yote tuna -ka-. Sikiliza: Papa akamtenga mfalme, wakuu wa Ujerumani wakamgeuka, Oktoba wakampa muda, mwaka usipite hajaondolewa adhabu ya kutengwa, la sivyo hawamtambui tena, mfalme akavuka milima ya Alps katikati ya baridi, akafika Canossa kwenye ngome ya Matilda wa Toscana, akasimama nje siku tatu, miguu peku, kavaa nguo ya sufu ya mtu anayetubu, Januari 1077, mpaka Papa akamwondolea adhabu. Kila tukio limemzaa mwenzake na hakuna aliyepelekea kitu.

Najua nitaambiwa lugha inakua, na kweli inakua, na kwenye taarifa ya habari nimeshachoka kubishana, kila siku "ajali iliyopelekea vifo" wakati wangesema tu ajali imeua watu tukaelewa wote. Ila kwa mwalimu sinyamazi, kwa sababu mtoto akiinakili hiyo kwenye daftari atakuja kuiandika kwenye mtihani, kisha ofisini, kisha ataisoma redioni.

Mwalimu, andika hivi: "Papa Gregori VII na Mfalme Henry IV waligombania madaraka ya kuwaweka maaskofu, Papa akamtenga mfalme na Kanisa." Na hilo neno Kaizari lifute pia, mwaka 1076 Henry alikuwa mfalme tu, taji la ukaizari alivikwa Roma mwaka 1084 na Klementi III, papa aliyemsimamisha yeye mwenyewe ili kumpinga Gregori.