Daraja la umri na mauzo ya filamu za fantasia: majibu ya maswali yenu

Kwa nini karibu kila filamu kubwa ya wachawi na mazimwi huwa PG-13?

Kwa sababu PG-13, daraja la Marekani linalosema filamu huenda isiwafae walio chini ya miaka 13, humwonya mzazi bila kumzuia mtoto. R ndiyo inayofunga mlango: kule Marekani, aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na vijana hao ndio wanaojaza kumbi. PG-13 ilianza 1984, baada ya wazazi kulalamikia Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, ambazo zote zilipewa PG, daraja jepesi zaidi linaloshauri tu mwongozo wa mzazi. Katika hiyo ya pili mtu anang'olewa moyo kifuani ungali unadunda! Steven Spielberg, aliyeiongoza, ndiye aliyependekeza daraja la katikati. Tangu hapo studio zimepata nafasi ya kuonyesha vita na vifo bila kuwapoteza vijana. The Return of the King (2003) inaua maelfu ya askari, lakini kamera haikawii kwenye majeraha. Ilivuka dola bilioni 1 na kutwaa Oscar 11.

Basi fantasia ya R haina biashara?

Inayo, ikiwa bajeti inalingana na watu wanaoruhusiwa kuiona. Pan's Labyrinth (2006) ya Guillermo del Toro iligharimu karibu dola milioni 19 na kuingiza zaidi ya milioni 80, tena ni ya Kihispania. Kuna kapteni anayemponda kijana uso kwa chupa mbele ya baba yake. Ni tukio gumu kutazama, lakini ukiliondoa, mhusika mkuu, mtoto wa kike anayekimbilia ulimwengu wa ajabu, hana tena cha kukimbia. Conan the Barbarian (2011) nayo ilikuwa R, ila ilitumia karibu milioni 90 na haikurudisha hata gharama ya kuitengeneza.

Harry Potter ilianza kitoto ikaishia gizani. Mbona watazamaji hawakukimbia?

Walikuwa wanakua nayo. Tatu za kwanza zilikuwa PG. Ya nne (2005), ambamo mwanafunzi anauawa, ndiyo ya kwanza kupata PG-13. Aliyeingia akiwa na miaka 9 alikuwa tayari na 13. Giza lilikuja hatua kwa hatua, daraja likapanda nalo, na ya mwisho (2011) ikapita dola bilioni 1.3.

Tazama sasa Narnia, mfululizo mwingine wa fantasia. Ya kwanza (2005), yenye watoto wanaopita kabatini na kutokea kwenye theluji, iliingiza karibu milioni 745. Prince Caspian (2008) ikaja na uvamizi wa usiku ambao lango linashuka na wapiganaji wanaachwa ndani wafe. Daraja likabaki PG lile lile. Ikaingiza karibu milioni 419, ingawa bajeti yake ilikuwa kubwa zaidi. Ni kweli ilitolewa Mei, katikati ya ushindani mkali, na ya kwanza ilitoka Desemba. Hata hivyo naamini mzazi aliyeona PG alitarajia theluji na kabati, akakuta vita.

Je, kukata sehemu za kutisha husaidia?

Mara nyingi huharibu. The Black Cauldron (1985) ilikuwa katuni ndefu ya kwanza ya Disney kupewa PG. Watoto walipoogopa kwenye onyesho la majaribio, Jeffrey Katzenberg, mkuu wa studio za Disney wakati huo, aliamuru sehemu zikatwe. Watoto wadogo bado waliogopa, na wakubwa wakapata hadithi yenye mapengo. Ilitumia karibu milioni 44 na kuingiza kama milioni 21 tu huko Marekani.

Niko Nairobi, mwanangu ana miaka 14. Nifuate PG-13 iliyo kwenye trela?

Hapana. Hilo ni daraja la Marekani. Bodi ya filamu ya Kenya hutumia GE (ya watu wote), PG, 16 na 18, kwa hiyo filamu hiyo hiyo inaweza kuangukia PG au 16. Uliza ukumbini kabla ya kununua tiketi.