Agano sio kangomba

Dada mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji juzi usiku, nafupisha kwa ruhusa yake. Alipeleka gunia zima la korosho madhabahuni msimu huu, akaambiwa hilo ndo agano lake na Mungu na ada ya mtoto itapatikana kabla shule hazijafungua. Hela ya mnada bado, mtoto yuko nyumbani, na aliyempokelea gunia sasa anamwambia imani yake ndogo. Anauliza, dada nimekosea wapi?

Hujakosea popote mdogo wangu. Nilivyosoma niliwaka, maana maneno hayo nayajua. Kuna mwaka huku kwetu Masasi malipo yalichelewa mpaka mikorosho ikaanza kuchanua tena, akaja mhubiri mgeni anataka kila mtu atoe sadaka ya agano, mimi nikakaa kimya kwa sababu nilichobaki nacho ilikuwa hela ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Akasema kwenye maiki kuna mama hapa kamfungia Mungu mkono. Watu wakageuka kuniangalia. Nimemsamehe, ila mkinikuta nakaa viti vya nyuma msiniulize.

Usiku ule sikulala, nikafungua Mwanzo 15, sura ambayo nilikuwa naipitia tu. Abramu anaambiwa alete ndama, mbuzi na kondoo wa miaka mitatu mitatu, na hua na kinda la njiwa. Anawapasua wale wakubwa vipande viwili, anavipanga vikitazamana. Ukitaka kujua maana yake nenda Yeremia 34, wale waliokata ndama wakapita katikati ya vipande kisha wakavunja neno lao, Mungu anawaambia yatakayowapata. Yani mwenye kupita pale anasema nikivunja na mimi nipasuliwe hivihivi. Sasa angalia nani anapita kwenye ile ya Abramu. Tanuru ya moshi na mwenge unaowaka, basi! Abramu kalala usingizi mzito, hajapita, hajaahidi kitu, Mungu kajifunga mwenyewe peke yake. Baadaye mzee akayumba kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe, na bado ahadi ya mtoto haikufutwa, Isaka akazaliwa baba ana miaka 100, wakati alitoka Harani ana 75.

Ndo maana nasema agano sio kangomba. Watu wa Mtwara na Lindi mnamjua mtu wa kangomba, anakuja shida imekubana, anakupa kihela leo, msimu ukifika anabeba korosho zako kwa bei aliyojipangia. Mungu haviziagi shida zako. Akiahidi hasubiri gunia lako ndo aahidi, alishaahidi. Sadaka toa, mimi natoa, lakini toa kama shukrani, usitoe kama rehani.

Halafu kuna kamstari watu wanakaruka. Tai walitua kwenye ile mizoga na Abramu akawafukuza. Hapo ndo nikajua kuamini kunafananaje, Mungu ndo mwenye agano, wewe kazi yako ni kufukuza tai. Asubuhi yake ile hela ya salfa tukanunulia salfa. Mume wangu alikuwa anaamka alfajiri kabla umande haujakauka, motopampu mgongoni, anarudi nyusi zimekuwa za njano ananuka kiberiti nyumba nzima, mimi nikiwa nyuma na jembe la palizi. Mtu wa kangomba alikuja barazani, tukampa maji ya kunywa akaondoka. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, uliwasumbua sana majirani mwaka ule, sisi tukapeleka ghalani mzigo ambao hata karani wa chama cha ushirika aliuliza hizi zote zenu? Ndio, zetu. Binti yangu kamaliza chuo, na wale waliogeuka kuniangalia wengine wananiombaga ushauri wa shamba sasa hivi, wacha niishie hapo.

Lakini msinisikie vibaya, hata tungevuna debe moja, Mungu angebaki vilevile. Wapendwa tuache kumpima Mungu kwa bei ya mnada! Bei ikipanda mnasema Mungu mwaminifu, ikishuka mnahama kanisa. Mwamini, halafu fanya kazi iliyo mbele yako, palilia, puliza, mwamini tena. Usitie sahihi mkataba wa mtu kwa sababu umechoka kusubiri ahadi ya Mungu.

Na wewe wa Nachingwea, kesho nenda chama cha msingi na stakabadhi yako uulize malipo yamekwama wapi, kisha kaongee na mwalimu mkuu mtoto apokelewe ada ikija. Jioni soma Zaburi 89, usiishie pale Mungu anaposema hatalivunja agano lake, endelea mpaka Ethani, mwenye zaburi hiyo, anapogeuka na kumwambia Mungu waziwazi umemtupa mfalme uliyemtia mafuta. Imo kwenye Biblia hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka kulalamika lalamika, mwambie Mungu, sio huyo aliyebeba gunia lako.