Kizazi bado unacho? Basi hivyo vidonge weka chini

Dada wa Tororo, salamu baadaye. Umesema dada yako wa London amekutumia vidonge vyake vya estrojeni (homoni ya kike) vilivyomkata joto la usiku la kukoma hedhi, unauliza uanze na kimoja au viwili, kama vinanenepesha, na kama hamu ya mume inarudi. Halafu huko chini kabisa, kama jambo la kupita tu, eti yeye alitolewa kizazi. Sasa hilo ndilo lenyewe!

Mimi yangu yalikuwa hivyo hivyo. Joto linapanda kifuani mpaka kichwani, shuka chapachapa, mzee wangu anasema malaria, nikameza dawa ya malaria na kipimo hakijaonyesha kitu (sisi Waganda hata ndoa ikipoa tunapima malaria). Rafiki yangu, naye katolewa kizazi sababu ya fibroidi, akanipa pakti yake tupu nikatafute kama hiyo. Kijana wa duka la dawa hapa Arua akaigeuza geuza, akasema "mama hii ni ya wamama wa umri wako, we meza tu". Hakuuliza kizazi, hakuuliza presha, hakuuliza kama damu imewahi kuganda mguuni wala habari ya titi. Aliuliza kama nina chenji.

Na ubaya ni kwamba ilifanya kazi. Nalala fofofo. Miezi ikaenda, nikaona matone ya damu, mimi niliyeagana na pedi zaidi ya mwaka, na nikafurahi!! Nikajua ujana umerudi. Kijana wa duka akasema "homoni zinajipanga". Zinajipanga wapi, kwenye foleni ya teksi? Damu ikazidi mpaka naogopa kukaa kwenye mkeka wa watu. Skani ikaonyesha ngozi ya ndani ya kizazi imenenepa, wakakata kipande kikapelekwa maabara, na kule kusubiri majibu nilishaanza kugawa magauni yangu ya gomesi kichwani, hii ya binti mkubwa, hii ya wifi, ile ya kijani hapatiwi mtu nizikwe nayo. Haikuwa kansa. Lakini daktari alisema ikiachwa ikaendelea kunenepa inaweza kugeuka kansa.

Akanieleza hivi: estrojeni ni mvua, inaotesha ile ngozi ya ndani, projesteroni, homoni nyingine ya kike, ndiyo jembe la kuipalilia. Aliyetolewa kizazi hana shamba, kwa hiyo estrojeni peke yake inamtosha. Mwenye kizazi LAZIMA apate zote mbili, na hata ukipewa ya kubandika kwenye ngozi ni vile vile (krimu ya dozi ndogo ya kupaka ukeni ndiyo kando kidogo). Na hii siyo habari ya jana, Marekani waliandika tangu 1975 kwamba estrojeni peke yake inaongeza kansa ya hiyo ngozi ya ndani ya kizazi. 1975, Amin bado yuko madarakani! Na kijana anauza dawa leo hajasikia, mxiiiu.

Sisemi homoni ni sumu, mimi bado natumia, ila sasa na projesteroni kila usiku, tena hiyo inanisaidia usingizi. Wengine wanawekewa kitanzi chenye homoni, kinalinda kizazi vile vile. Ule utafiti wa Marekani wa 2002, uliosema homoni za kukoma hedhi zinaongeza kansa ya titi, ndio uliotisha dunia nzima, lakini wengi waliokuwemo walikuwa wamepita miaka 60, siyo sisi tuliokoma hedhi juzi.

Uliuliza nini tena, kimoja au viwili? Hata nusu usimeze. Kutoka Tororo hadi Mbale si safari, nenda hospitali ya rufaa pale, uliza kliniki ya wanawake, beba na hiyo pakti. Na kama mwaka ulishapita bila hedhi halafu ukaona damu, hata tone, hata umeacha vidonge zamani, waambie hilo kabla ya yote na uombe skani, atakayekwambia ni uzee tu muulize daktari mwingine yuko chumba gani.